Kuuguza si Kazi ya Mtu Mmoja

Pengine uliyasikia mazungumzo haya ya afya redioni ukiwa unapika, mtoto akalia na nusu yake ikakupita. Sasa yako mkononi mwako. Yasome polepole, na ukimaliza umpe jirani.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama kwa mbali unauona mwepesi, kwa kuwa hujaubeba. Leo tunazungumza juu ya mzigo mmoja wa namna hiyo: kumlea mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu, ugonjwa usiokwisha kwa dozi moja ya dawa. Magonjwa hayo ni mengi. Kuna kifafa, kisukari cha utotoni, pumu, ugonjwa wa moyo na virusi vya Ukimwi. Tutachukua mmoja tu, selimundu, ule ambao hospitalini wengi huuita siko seli. Tumeuchagua kwa sababu historia yake inaonyesha wazi kwamba mtoto huishi vyema pale anayemuuguza anapofundishwa, anaposaidiwa na anapopumzishwa. Kama mtoto wako ana ugonjwa mwingine, usifunge kijitabu. Mengi yatakuhusu.

Selimundu ni nini?

Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za mviringo na ni laini, hupita kwenye mishipa bila taabu. Kwa mtoto mwenye selimundu, chembe hizo hujikunja zikawa na umbo la mundu, ule wa kukatia nyasi. Hapo ndipo jina lilipotoka. Chembe za umbo hilo hunasa kwenye mishipa midogo na kuizuia damu kupita, ndipo maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo yanapoanza. Tena hufa mapema kuliko chembe za kawaida, ndiyo maana mtoto hupungukiwa damu na macho yake huwa ya manjano. Dalili ya kwanza mara nyingi huonekana mtoto akishapita miezi sita: viganja na nyayo huvimba, naye hulia akiguswa.

Kabla ugonjwa haujapata jina

Ugonjwa huu ni wa kale sana Afrika. Mabibi zetu wa pwani na wa kando ya Ziwa Victoria waliyaona matokeo yake bila kujua chanzo. Mama alizaa, mtoto akadhoofika, akafa. Akazaa tena, mambo yakawa yale yale. Malaria nayo iliua wengi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kutofautisha. Miongoni mwa Waluo, majina kama Ojwang' na Ajwang' hupewa mtoto aliyezaliwa baada ya nduguze kufariki. Nyuma ya jina kama hilo yuko mama aliyezika.

Katika vitabu vya udaktari ugonjwa uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1910. Daktari James Herrick wa Chicago, Marekani, alieleza habari za mwanafunzi kijana kutoka kisiwa cha Grenada ambaye damu yake, ilipotazamwa kwa darubini, ilikuwa na chembe za umbo la mundu. Kwa hiyo ugonjwa uliowasumbua mama wa Afrika kwa karne nyingi ulipata jina lake ng'ambo, kwa mgonjwa mmoja aliyekuwa na bahati ya kuwa karibu na darubini.

Ramani ya damu ya Kenya

Mwaka 1949 msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford ulikuja Mlima Kenya. Ndani yake alikuwamo kijana aliyekulia katika shamba hapa Kenya, Anthony Allison. Alizunguka nchini akikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Alichokiona kilimshangaza. Pwani na karibu na Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba urithi wa selimundu. Nyanda za juu, upande wetu huu, hawakufika hata mmoja kwa 100.

Kwa nini tofauti hiyo? Allison aliangalia mahali palipo na mbu. Mwaka 1954 alitangaza matokeo ya utafiti wake: mtoto aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi kikubwa asizidiwe na malaria. Ndiyo maana urithi huo ulidumu katika sehemu zenye malaria nyingi. Lakini sikiliza vizuri, mama, maana watu huchanganya. Kinga hiyo ni ya anayebeba urithi wa upande mmoja, ambaye si mgonjwa. Mtoto aliyerithi pande zote mbili, mgonjwa mwenyewe, malaria ikimpata humuumiza vibaya sana.

Lawama iliyomwangukia mama

Mwaka huo huo wa 1949, James Neel huko Marekani na daktari Beet aliyefanya kazi Northern Rhodesia, yaani Zambia ya leo, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha jinsi ugonjwa unavyorithiwa. Ili mtoto awe na ugonjwa wenyewe, lazima apokee urithi huo kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wote wawili wanaweza kuwa wazima, hawajui lolote, hawajawahi kuugua.

Wazazi wa namna hiyo wakipata mimba, kuna nafasi moja katika nne kwamba mtoto atakuwa mgonjwa, mbili katika nne kwamba atabeba urithi bila kuugua, na moja katika nne kwamba hatakuwa nao kabisa. Kila mimba ni kura mpya. Kwa hiyo usishangae kuona nyumba yenye watoto watatu wazima na wa nne mgonjwa, au kinyume chake.

Habari hii ina zaidi ya miaka 70. Hata hivyo, bado kuna mama anayefukuzwa nyumbani kwa kuambiwa ameleta damu mbaya, na bado kuna anayeshukiwa kurogwa au kulaaniwa. Baba unayesoma, ukweli ni huu: mtoto huyu ni wenu wawili, na ugonjwa wake umetoka kwenu wawili. Hakuna aliyekosa. Msaada wa kwanza ambao mama huyo anauhitaji hauuzwi dukani, ni kusimama naye.

Ugonjwa ulivyofika Gatongora

Sasa turudi nyumbani. Ruiru yetu ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya kahawa. Aina moja ya kahawa iliyotolewa na watafiti miaka ya 1980 inaitwa Ruiru 11 mpaka leo. Baadaye Nairobi ikapanuka, mashamba yakakatwa, nyumba za kupanga zikajengwa. Thika Road ilipokamilika kuwa barabara kuu ya njia nyingi mwaka 2012, watu wakazidi kuja. Leo plot moja ya Gatongora inaweza kuwa na mpangaji kutoka Busia, mwingine Kilifi, mwingine Siaya, mwingine Murang'a.

Hapo ramani ya Allison ikakunjwa. Ugonjwa ambao shosho wa Kiambu hakuwahi kuuona utotoni mwake sasa uko kwa mpangaji wa mlango wa pili. Jirani humwona mtoto mwenye macho ya manjano akadhani ni ugonjwa wa kuambukiza, akawaita wanawe ndani. Selimundu haiambukizi, mama. Hailetwi na kushiriki kikombe, kulala pamoja wala kucheza.

Mama aliyehama naye amepoteza kitu. Kule nyumbani alikuwa na mama mkwe, shangazi na wadogo zake. Mmoja angemshika mtoto, mwingine angechota maji, mwingine angewapikia waliobaki. Hapa yuko peke yake na chumba kimoja. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ndugu wa Siaya anaweza kutuma pesa kwa simu, lakini hawezi kugonga mlango saa nane ya usiku mtoto anapolia kwa maumivu. Anayeweza ni wewe jirani.

Jamaica: mkono wa mama

Tuvuke bahari kidogo, kwa maana kuna somo. Watu wa kisiwa cha Jamaica wengi wao asili yao ni Afrika, na selimundu wanayo. Kuanzia mwaka 1973 hadi 1981, madaktari wakiongozwa na Graham Serjeant waliwapima watoto wachanga 100,000 waliozaliwa Kingston, mji mkuu, kisha wakawafuata wale waliokuwa na ugonjwa mwaka baada ya mwaka.

Waliona kwamba watoto wengine walikufa ghafla wakiwa wadogo. Wengu, ambao wengine huuita bandama, ulikuwa ukivimba na kuivuta damu nyingi ndani yake kwa muda wa saa chache. Mtoto aliyekuwa akicheza asubuhi alikuwa mahututi jioni. Hospitali ilikuwepo, damu ya kuongeza ilikuwepo, lakini mtoto alifika akiwa amechelewa.

Madaktari wale walifanya jambo rahisi. Walimkalisha mama, wakaushika mkono wake, wakauweka upande wa kushoto wa tumbo la mtoto chini ya mbavu, wakamwonyesha jinsi ya kuupapasa wengu. Wakamwambia afanye hivyo nyumbani mara kwa mara, na akiona umekua kuliko jana, au mtoto amepauka na kulegea, asingoje, aje. Vifo vya namna hiyo vikapungua sana. Hapakuwa na mashine mpya wala sindano mpya. Kilichoongezeka kilikuwa ujuzi katika mkono wa mama.

Liweke hilo moyoni. Siku utakapokwenda kliniki na mtoto wako, mwambie daktari au muuguzi: nionyeshe jinsi ya kuupima wengu. Ni haki yako kuuliza.

Dawa zilivyopatikana

Mwaka 1986 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba watoto wadogo wenye selimundu wakipewa penisilini ya kunywa kila siku, maambukizi hatari ya bakteria hupungua kwa kiasi cha asilimia 84. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu faida ilikuwa wazi mno.

Je, mambo ni hayo hayo Afrika? Jibu lilitoka hapa hapa Kenya. Huko Kilifi, ambako kituo cha utafiti kilianzishwa mwaka 1989, watafiti walitangaza mwaka 2009 kwamba watoto wetu wenye selimundu nao huuawa na bakteria wale wale, hasa yule wa nimonia. Mwaka 2011 Kenya ikaanza kutoa chanjo dhidi ya bakteria huyo kwa watoto wote wachanga. Kwa hiyo unapoambiwa umpeleke mtoto chanjo, usiseme ana mafua, nitaenda mwezi ujao.

Ikaja dawa iitwayo haidroksiurea, ambayo Marekani iliikubali kwa wagonjwa watu wazima mwaka 1998. Kwa miaka mingi ilisemekana pengine haitafaa Afrika, kwenye malaria na lishe duni. Ndipo watoto wapatao 600 wa Angola, Kongo, Uganda na Kenya wakashiriki katika utafiti, wa Kenya wakiwa Kilifi. Matokeo yalitangazwa Desemba 2018. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua, na vifo pia. Dawa hii haiponyi ugonjwa, na inahitaji damu ya mtoto ipimwe mara kwa mara, kwa hiyo isinunuliwe kiholela. Uliza kliniki kama inamfaa mwanao.

Umeona, mama? Nyuma ya kila hatua kulikuwa na wazazi waliokubali kurudi kliniki mara kwa mara, kumshika mtoto akitolewa damu na kumnywesha dawa kila siku kwa miaka. Majina yao hayamo vitabuni, lakini bila wao dawa hizi zisingejulikana.

Nani alilipa?

Ugonjwa wa kudumu huumiza mfuko kuliko ugonjwa wa siku tatu. Nchi yetu imejaribu njia nyingi. Mwaka 1965, miaka miwili baada ya uhuru, serikali iliondoa malipo ya wagonjwa wa kutibiwa na kurudi nyumbani. Mwaka 1966 ikaanzishwa bima ya hospitali ya taifa, NHIF. Mwaka 1989 malipo yakarudi kwa jina la kuchangia gharama. Mwaka 2004 yakapunguzwa yakawa shilingi 10 kwenye zahanati na shilingi 20 kwenye kituo cha afya, na watoto wa chini ya miaka mitano wakasamehewa. Mwaka 2013 hata hizo zikaondolewa katika vituo hivyo. Tangu Oktoba 2024, NHIF imepisha SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii.

Hata hivyo, hesabu ya mama haikomei kwenye risiti ya hospitali. Hebu tumfikirie mama mmoja anayefanya kibarua cha kufua nguo. Mtoto akilazwa siku tano, amepoteza mishahara ya siku tano, nauli ya matatu, chakula cha kununua, na pengine kibarua chenyewe kimechukuliwa na mwingine. Hakuna bima inayomlipa hayo. Ndiyo sababu tunasema nyumba nzima huugua.

Basi nyumba hii inahitaji nini?

Kwanza, ujuzi. Mama ajue dalili za hatari: joto la kupita nyuzi 38, kupauka ghafla, tumbo kuvimba, kupumua kwa shida, kulegea upande mmoja wa mwili au mdomo kwenda upande, na maumivu yasiyotulizwa na dawa aliyopewa. Mojawapo likitokea ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kipima joto cha kwapani ni kitu cha kuwa nacho nyumbani.

Pili, mikono. Jirani, usimuulize tu, "Nikusaidie nini?" Aliyechoka hana nguvu ya kufikiria jibu. Sema, "Nitawapikia watoto wako leo jioni," au, "Nitamchukua yule mdogo kutoka shule." Ukimwona hajalala siku mbili, mshikie mtoto saa mbili alale.

Tatu, damu. Watoto hawa wakati mwingine huhitaji kuongezewa damu. Huduma ya taifa ya damu ilianzishwa Kenya mwaka 2001, lakini haina kiwanda. Damu yote hutoka kwenye mikono ya watu wazima wenye afya. Kijana wa bodaboda, mwalimu, muumini wa kanisa au msikiti, siku magari ya kuchangia damu yanapokuja, nenda.

Nne, shule. Mtoto wa selimundu anahitaji kunywa maji mengi, na figo zake hazizuii mkojo kama za wenzake. Mwalimu amruhusu kunywa maji darasani na kutoka akiomba. Asisimamishwe kwenye baridi wala kulazimishwa kukimbia mpaka achoke. Kwa sababu hiyo hiyo ya figo, wengi hukojoa kitandani hata wakiwa wakubwa. Mama, usimchape. Hafanyi kusudi.

Tano, nguo na safari. Julai yetu ya huku ina baridi kali, na baridi huamsha maumivu. Sweta, soksi na maji ya kuoga yenye joto ni sehemu ya matibabu. Na Desemba mnaposafiri kwenda Kisumu, Kakamega au Kilifi, mnarudi kwenye malaria. Beba chandarua na dawa ya kinga ambayo kliniki imeelekeza. Usingoje mfike.

Sita, ndugu zake. Wale watoto wazima huona mama hana wakati nao. Hawasemi, lakini huumia. Watengee hata robo saa, na uwaeleze ugonjwa kwa maneno wanayoyaelewa, wasije wakadhani ndugu yao anapendwa zaidi.

Saba, wewe mwenyewe. Ukiona unalia bila sababu, hupati usingizi hata mtoto akiwa salama, au unamkasirikia kwa kuugua, hujawa mama mbaya. Umechoka. Mwambie muuguzi, au mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wako. Mwaka 2023 wahamasishaji wapatao 100,000 walipewa vifaa kote nchini ili wapite nyumba kwa nyumba. Akija kwako, usimwambie habari za mtoto tu. Mwambie na zako.

Chama kinaweza

Tunajua vyama vyetu. Kila wiki akina mama hukutana, pesa huzunguka, mmoja hununua sufuria, mwingine hulipa karo. Chama hicho hicho kinaweza kuweka shilingi chache kando kwa ajili ya nauli ya usiku ya mwanachama mwenye mgonjwa. Kinaweza kuwa na orodha ya simu tatu: ya dereva atakayeamka, ya jirani atakayekaa na watoto, na ya mtu wa kwenda naye hospitali. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kama hujui hali ya damu ya mtoto wako na una wasiwasi, uliza katika kituo chako cha afya juu ya kipimo cha selimundu. Kisipokuwepo, waombe wakuandikie barua ya kwenda hospitali kubwa, kama ile ya Thika au ya Kenyatta. Tarehe 19 Juni kila mwaka ni Siku ya Selimundu Duniani, iliyokubaliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2008. Chama chenu kinaweza kuitumia siku hiyo kumwalika muuguzi azungumze nanyi.

Maswali ya kuzungumza mkikutana

1. Katika plot au mtaa wenu, ni nani anauguza mtoto wa ugonjwa wa kudumu? Mara ya mwisho ulimtembelea lini?

2. Mtoto akizidiwa saa nane ya usiku, nani mwenye gari au pikipiki ataamka?

3. Kwa nini si haki kumlaumu mama peke yake kwa ugonjwa wa kurithi?

4. Je, walimu wa shule yenu wanajua kwamba mtoto huyu anahitaji maji na ruhusa ya kutoka?

Mama, karne nyingi ulibeba ugonjwa huu bila kujua jina lake. Sasa jina tunalo, dawa tunazo, na dalili unazijua. Lililobaki ni usibebe peke yako. Leo jioni, kabla hujafunga mlango, gonga ule wa jirani mwenye mgonjwa, umuulize mtoto ameamkaje na yeye mwenyewe amekula nini.